Hayo Hayamo Simuni

Siku ya Idi ya pili,
ukoo wetu kamili,
kwa misumari miwili
shuka wima ukutani.

Wete. Nyumba bila rangi,
viti tumekopa vingi,
vigoda, majamvi mengi,
vya chuoni, vya jirani.

Filamu ni ya Khelefu,
simu yake ni dhaifu,
ina ufa, ni mrefu
kama mto ramanini.

Nyota wake ni Kazija,
mguu kama daraja,
sauti bado yangoja,
haijatoka kooni.

Akisema "shikamoo",
utasikia ni "moo";
akipita kwenye ndoo,
maji yote sakafuni.

Miwani ina kiraka
cha plasta, inabanduka;
akicheka, inaruka,
huokotwa mtungini.

Kisa alivyokipanga:
mwanzo binti ni mjinga,
halafu, wanja na shanga,
awe mwezi barazani.

Tulipiga wiki tatu,
midomo mikavu kutu;
mbuzi akala viatu
vilivyokopwa dukani.

Mie nilishika taa,
ndiyo kazi ya balaa,
ganzi tupu, tena njaa,
jina langu silioni.

Siku ya kupambwa sasa,
shangazi kajaza tasa
poda nyingi ya anasa:
kama katoka ungani!

Khelefu: "Tembea, deka!"
Alideka, kaanguka;
mara saba kuinuka,
ya nane, shangazi chini.

Basi, taa tukazima,
na projekta ikavuma,
watoto wakachutama
na halua mikononi.

Kicheko cha kwanza: ndoo;
cha pili, kwa ile "moo";
na mbuzi, ukumbi "loo!"
Mwenyewe yu mlangoni,

kajificha kwa pazia,
kila wanapochekea
kucha zake ajilia,
heri awe kisimani.

Ikafika ile saa
binti aanze kung'aa.
Umeme ukakataa,
Limbani yote gizani.

Simu chaji imekwisha,
Khelefu kichwa kashusha,
ami akaamrisha:
"Haya basi, kalaleni!"

Giza. Nani kakanyaga
halua? Nani kamwaga
kahawa? Nani kaaga
kwa vidole vya jirani?

Bi Shinuna akafoka:
"Hapa mie sitatoka
hadi nijue hakika,
yule mwana kawa nani?"

Kimya kikapita. Mara
sauti imeparara,
yatoka, haina dira,
pale pale paziani:

"Alipotoka," kasema,
"akapiga chafya nzima,
poda ikawaandama
wazee wote usoni!

Ami kakohoa hivi,
shangazi kalia hivi,
mbuzi akasema hivi…"
Tukawaona gizani.

"Mwenye duka la viatu
akadai: 'Vyangu, watu!
Viwili, si kimoja tu!'
Mbuzi kajibu: 'Tumboni!'"

Ami alivunjwa mbavu,
shangazi kaisha nguvu.
Khelefu, sauti kavu:
"Hayo hayamo simuni!"

"Nyamaza," bibi kajibu,
"filamu hii ajabu,
haitaki waya, babu,
wala Tukuza dukani."

Akaitambaza ngano,
kahawa, baridi mno,
majirani, macho, meno,
wamejaa dirishani.

Hakuna aliyemwona
akiruka, akinuna;
ndoo kaipiga tena,
maji yote sakafuni.

Ghafla taa zikawaka:
katikati ya mkeka,
mkono juu, kashtuka,
miwani i kidevuni.

Sote tukamtazama.
Ni mguu ule, jama,
plasta ile inahama,
hakuna mwezi usoni.

Ila "shikamoo" yake,
kesho yake, kwa makeke…
jogoo na kuku wake
wakatimka uwani!

Mwisho wa ile filamu
ungali ndani ya simu,
na hatuna tena hamu
kuuona ukutani.

Khelefu sasa atunga
ya pili, bila ya shanga;
mbuzi tumeshamfunga,
asije tena kazini.

Bibi hufanya kusudi:
huizima swichi, hadi
Kazija apige hodi,
na mbuzi yumo kooni.